Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vitanza ndimi na utani wa maneno kwenye vitabu vya picha vya watoto

Naandika haya nikiwa Ipagala, Dodoma. Nilifundisha chekechea miaka kadhaa, siku hizi natunga vijitabu vya picha na Jumamosi nawasomea watoto wa mtaani kwetu barazani, wakija kumi sawa, wakija watatu sawa. Maswali ni yaleyale, mengine naulizwa sokoni nikiwa na mafungu ya nyanya mkononi, mengine yanaingia WhatsApp saa nne usiku, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Sijayapanga, yamekaa yalivyokuja.

Kitanza ndimi ndo nini hasa? Si ndo kitendawili?

Hapana. Kitendawili kinatega akili, mtu anasema "kitendawili", mnamjibu "tega", mkishindwa mnampa mji anawaambia jibu. Kitanza ndimi hakina jibu, kinatega mdomo tu. Ni sentensi iliyojaa sauti zinazokaribiana mpaka ukiisema haraka ulimi unajikwaa. Hilo jina ni la darasani, mtaani watoto wanasema tu "haya sema hii mara tatu bila kukosea". Wale watu wa Liwale wanaokula wali wa Liwale unawajua, na yule katibu kata wa kata ya Mkata aliyekataa katakata kukata miti unamjua. Liwale ipo kweli, ni wilaya huko Lindi, ila nahisi nusu ya Watanzania wanaijua kwa ajili ya huo wali tu.

Mtoto aanze na umri gani?

Akianza kuongea sentensi ameshaanza. Wa miaka miwili mitatu mpe marudio tu, pwa pwa pwa, ng'o ng'o ng'o, anacheka basi. Utani wa neno moja lenye maana mbili unakuja baadaye kidogo, kwenye miaka minne mitano hivi, maana lazima kwanza awe na zile maana zote mbili kichwani ndo ashtuke zikigongana.

Ila kundi ninalolipenda mimi ni la darasa la kwanza, wale waliong'oka meno ya mbele. Mpe mtoto mwenye pengo asome "kipi kikusikitishacho", utaona mwenyewe.

Kwanini unasema Kiswahili kimezaliwa kwa ajili ya huu mchezo?

Kwa sababu ya ngeli. Soma hii: kile kitabu kikubwa kizuri kilichokuwa kimepotea kimepatikana. Hicho sio kitanza ndimi, ni sentensi ya kawaida kabisa mtu anaweza kuisema asubuhi akitafuta daftari la mtoto, lakini hesabu hizo ki. Mtunzi wa Kiingereza inabidi akeshe anatafuta maneno yanayoanza na herufi moja, sisi sarufi inatuletea bure hadi tunasahau kuwa inachekesha. Alafu watu wazima wenyewe wameshacheza zamani. Kitabu ni neno la Kiarabu, hiyo ki haikuwa ngeli hata kidogo, ila Waswahili wakaiona wakasema aa, basi vikiwa vingi ni vitabu. Kipilefti hivyohivyo, dereva wa daladala leo anasema vipilefti viwili mbele shuka, wala hacheki. Mtoto akisema "vichele" kwa sababu umemwambia kichele kimoja kimeanguka chini, anafanya kazi ileile, usimpige kofi la sarufi.

Na hiyo ka ya kale kakuku kadogo ka kaka, mwalimu atakwambia sio sanifu, sanifu ni kikuku au kijikuku. Sawa. Ila huku bara kila mtu anasema katoto na tutoto, na kile kitanza ndimi ukikiweka kwenye ki kinakufa palepale.

Kuna vya kwetu Dodoma? Vyote naviona vya pwani

Vipo ukivitunga. Majina yetu yenyewe yanajitega, hebu mwambie mgeni aliyeshuka SGR jana atamke Mpwapwa. Ntakupa vyangu, vitumie tu bure.

Cha kwanza nilipewa na mpwa wangu bila yeye kujua. Tulikuwa karibu na soko la Majengo, msimu wa zabibu (huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwahiyo huo msimu hauishi hamu), bibi mmoja kakaa chini na beseni lake. Mtoto ana miaka minne, kamsalimia vizuri, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Akachungulia beseni, "hizi nini?" Bibi akasema zabibu. Mtoto akageuka kwangu kakunja uso, "za bibi yupi?" Yule mama alicheka mpaka akashika beseni lisimwagike, akasema za bibi huyuhuyu mjukuu wangu, chukua. Akapewa kishada. Nikarudi nyumbani nikaandika:

Babu kabeba zabibu za bibi, bibi kabaki na ubuyu wa babu.

Kiseme mara tatu. Kwenye mara ya pili babu anabeba za babu na bibi anabaki na ubibi, sijui hata ubibi ni nini ila watoto walishaamua ni ugonjwa.

Cha Mpwapwa: mpwa wa Mpwapwa kavaa viatu vinampwaya, vinampwaya mpaka Mpwapwa. Hiki ni cha midomo, ulimi unapumzika, ukikisoma karibu na kioo unaona mdomo unavyofunga na kufunguka kama wa perege wa Mtera akiwa nchi kavu.

Cha tatu ni cha ng' na ng, maana hapo ndo wengi wanachanganya hata kuandika: ng'ombe wa Kongwa kagongwa na gongo. Na mwenzake: Mgogo wa Kongwa kabeba gogo mgongoni. Mimi mwenyewe Mgogo kwahiyo msije mkaniambia nawatania watu, na kama wewe ni mtani wetu njoo na chako tupambane.

Hata jina la mji liko hivyo. Wazee wanasimulia limetoka kwenye Kigogo, idodomya, limezama, tembo alikwenda kunywa maji akanasa kwenye tope akadidimia. Nilichora ukurasa mmoja, tembo anadidimia Dodoma, do, do, do, ma, na kila "do" tembo amezama kidogo mpaka kwenye "ma" unaona mkonga tu. Maneno manane hayafiki na ndo ukurasa wanaoomba turudie.

Picha inafanya kazi gani? Si maneno yanatosha?

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanatunga maneno ya kuchekesha alafu wanamwambia mchoraji achore kilichoandikwa. Kama maneno yamesema yote na picha ikarudia, mtoto hana la kugundua. Picha ishike nusu ya kichekesho.

Mfano. Andika: bibi kakaa juu ya mbuzi. Basi, usiongeze kitu. Ukurasa wa kushoto mchoraji aweke bibi na kanga zake yuko juu ya mgongo wa beberu, beberu katoa macho. Watoto wanapiga kelele. Fungua ukurasa, maneno yaleyale, bibi kakaa juu ya mbuzi, ila sasa ni mbuzi ya kukunia nazi, sahani chini, bibi anakuna taratibu, na kwa mbali dirishani yule beberu anachungulia. Hayo ni maneno matano yametosha kurasa mbili. Ila hapa kwetu kuna kazi moja ya ziada, nazi hatulimi, kuna watoto nyumbani kwao hamna mbuzi ya nazi, kwahiyo kwanza uliza. Kichekesho ukikielezea kimeshakufa.

Paa nayo ni hazina. Paa mnyama, paa la nyumba, kupaa angani. Paa kapanda paa, paa kapaa. Wape picha tatu na mtoto asiyejua kusoma atakueleza nani ni nani. Kaa vilevile, kaa kakaa kwenye kaa la moto, unadhani atakaa? Chungu unazo tatu, chungu cha kupikia, chungu wadudu, na chungu ya shubiri. Chungu wamejaa kwenye chungu, mboga ni chungu. Mlenda wetu wa huku hauna uchungu huo, nimeweka mnafu.

Sio kila neno lenye maana mbili linafaa. Tembo mnyama na tembo pombe ni utani mzuri kweli ila uuache ukutane nao kwenye sherehe.

Naweza kuchukua kitabu cha Kiingereza chenye mashairi ya vichekesho nikakitafsiri?

Hadithi tafsiri. Utani wa maneno hapana, tunga upya. Nilishajaribu nikapoteza wiki mbili. Kwa Kiingereza chura na gogo (frog, log) vinaimbana vizuri, chura anakaa juu ya gogo, kichekesho kimeisha. Ukileta huku, chura na gogo havijuani kabisa. Na usidanganyike kwamba maneno yetu yote yanaishia na a e i o u basi yanaimbana yenyewe, ni kinyume chake, kwa kuwa yote yanaishia na irabu sikio halishtuki. Ndo maana washairi wetu hawahesabu irabu, wanataka silabi nzima, kina cha kati na kina cha mwisho, mizani 8 huku na 8 kule, 16 kwa mshororo.

Kwahiyo nilichofanya nikamtupa chura nikabaki na gogo, na gogo likaniletea yule Mgogo wa Kongwa na mgongo wake. Chura nikampa kazi nyingine: chura kachora chura, chura kamcheka chura aliyechorwa. Muulize kitabu cha Kiingereza kama kina hiyo.

Mwanangu anachanganya L na R, je vitanza ndimi vitamnyoosha?

Vinampa mazoezi, sio dawa. R ni moja ya sauti zinazochelewa kukomaa kwa watoto, kwahiyo wa miaka mitatu akisema "lula" badala ya rula muache. Na watu wengine lugha ya nyumbani haitenganishi hizo sauti mbili, mtu ana miaka hamsini na bado anakula "wari" na anaishi vizuri tu, ana mashamba na nyumba.

Ukitaka kumsaidia mpe maneno mawili mawili ambayo kosa linabadilisha picha. Kula na kura, mahali na mahari, lamba na ramba halina maana achana nalo. Bibi harusi kapelekewa mahali, mchoraji akachora ramani. Mtoto akiona kosa linazaa picha ya kijinga anajisahihisha mwenyewe, hujamwambia kitu.

Mwenye kigugumizi usimshindanishe kwa spidi mbele ya wenzake, hata siku moja. Muimbie pamoja naye, wote kwa pamoja, polepole. Na kama kufikia umri wa kuanza shule watu nje ya familia hawamwelewi anachosema, nenda hospitali akapimwe masikio kwanza kabla ya kulaumu ulimi.

Kuna kimoja ukikisema haraka kinatoka tusi, nifanyeje?

Haha. Kila mtu amekulia kwenye shule yenye hivyo, na kila mtu anakumbuka aliyemfundisha. Kama unatunga kitabu, kabla ya kuchapa tafuta mtoto wa darasa la tatu au la nne aliye mtundu, mwambie akisome haraka mara kumi. Usimtumie mwalimu, mwalimu atasoma vizuri. Mimi nilimpa kijana wa jirani ukurasa wangu niliouona msafi kabisa, mara ya nne akanyamaza akaniangalia akaanza kucheka kwa chinichini, na mimi nikaelewa. Ukurasa ukaenda jikoni kuwashia mkaa.

Huu ujinga hauwaharibii Kiswahili sanifu?

Mzazi mmoja aliniuliza hivi kwa ukali kidogo na nilimuuliza yeye alipokuwa mtoto alicheza nini. Akasema nyama nyama nyama, ile mmoja anataja ng'ombe mnaruka mnasema nyama, anataja mbuzi nyama, anataja meza ukiruka umetoka. Sasa huo ni mtihani wa msamiati wenye jasho. Na kinyume je? Kuongea kinyume, unachukua silabi ya mwisho unaitanguliza mbele, chakula inakuwa lachaku, maji inakuwa jima, mnawasema wakubwa mbele yao na hawaelewi. Mtoto anayeongea kinyume ameshajua silabi inaanzia wapi na inaishia wapi, na hiyo ndo kazi anayoihangaikia mwalimu wa darasa la kwanza muhula mzima na ba be bi bo bu zake.

Na Dodoma kwa kinyume ni madodo. Kama maembe.

Nawasomeaje ili wasichoke?

Usianze na haraka. Mara ya kwanza polepole kabisa kama unatangaza msiba, mara ya pili kawaida, mara ya tatu ndo mbio, na wewe ndo uwe wa kwanza kukosea. Kidole kifuate maneno. Angalia mkazo, ile barabara ya lami mkazo unakaa kwenye ba ya pili, ile barabara ya kusema sawasawa mkazo uko kwenye ra ya kwanza, watoto wakishaisikia tofauti hiyo wanaweza kuicheza nusu saa: tengeneza barabara barabara. Kurasa nne kwa siku zinatosha.

Nyumbani tunaongea Kigogo, au Kirangi, au Kisandawe. Niache?

Usiache! Mtoto wa Kisandawe kutoka Chemba ana vidoko mdomoni, zile sauti za kugonga ulimi, na vya aina tatu, huyo ulimi wake umeshafanya sarakasi ambazo mimi hapa siziwezi nikilipwa. Muulize bibi yake wanatania nini kwao, kiandike, weka kwenye ukurasa mmoja pembeni ya Kiswahili. Usitafsiri, acha vikae viwili.

Uchapaji nianzie wapi?

Kama ni vijitabu vya kubana pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwahiyo 16 au 24, ukiandika kurasa 18 utajikuta na karatasi tupu. Ukitaka namba ya ISBN hapa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukitaka kiingie mashuleni kama kitabu cha ziada kinapitia Taasisi ya Elimu kupata ithibati, jipange na subira.

Alafu simamia uchapaji mwenyewe. Mimi nilikuwa na sentensi yangu niliyoipenda kuliko zote: wale wale wale wali. Yaani walewale, na wale wali. Picha yake ni foleni ya watoto walewale waliokuwa ukurasa wa nyuma wakinyimwa, sasa wanapakuliwa. Nikaipeleka stationery moja nikamwachia kijana faili nikaenda kwenye shughuli zangu. Kompyuta ikamchorea mistari myekundu chini ya kila wale, na yeye kwa roho nzuri kabisa akanisahihishia. Jioni nachukua nakala arobaini, nafungua, imeandikwa: Wale wali. Na kwa yule katibu kata amebakiza kata moja tu. Nikamuuliza, akasema dada ulikuwa umejirudiarudia sana nikakusaidia. Nitamlaumuje. Nililipa nikaondoka, na zile arobaini bado ninazo, watoto wanaongeza wale kwa kalamu ya risasi.

Vya kusoma bure viko wapi?

Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao. African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, leseni huria, unapakua na kuchapa bila kuomba ruhusa. Ila nyingi ni tafsiri, kwahiyo kwa utani wa maneno utatoka na njaa, zitumie kwa picha na hadithi.

Na kama mimi mzazi mwenyewe siwezi kukitamka?

Safi, hapo ndo patamu. Jumamosi iliyopita baba mmoja alikuja kumchukua binti yake, mtu mzima, suti, ametoka ofisini huko Mtumba, watoto wakambana aseme ya babu na zabibu. Akasema hii rahisi. Babu kabeba zabibu za bibi, bibi kabaki na ubuyu wa bibi. Wakamzomea. Akarudia, babu kababu. Binti yake akamshika mkono akamwambia baba twende tu nyumbani, ntakufundisha njiani.